Nyumba Bila Ardhi: Hatima ya Lugha za Programu katika Majukwaa ya Makampuni

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, hasa Mombasa, ipo desturi ya zamani ya mtu kujenga nyumba juu ya kiwanja kisicho chake. Mjenzi hununua mawe na mbao kwa fedha zake, hulipa mafundi, kisha humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba ni mali yake, naye aweza kuipangisha au kuwarithisha wanawe. Lakini siku mwenye kiwanja akiamua kuiuza ardhi, au kuitumia kwa jambo jingine, mwenye nyumba hugundua kwamba mali yake haihamishiki.

Hali ya namna hiyo imo pia katika elimu ya kompyuta, ingawa wanafunzi hawaelezwi mara nyingi. Mwanafunzi anayejifunza lugha ya kuandikia programu hudhani kwamba lugha hiyo ni kama kanuni ya Pythagoras, yaani jambo ambalo likishajulikana halina mwenyewe wala mwisho. Kwa baadhi ya lugha dhana hiyo ni sahihi. Kwa nyingine si sahihi hata kidogo, maana zimejengwa juu ya ardhi ya kampuni moja, nazo hudumu kwa kadiri kampuni hiyo inavyoona faida kuzidumisha. Hoja ya makala haya ni kwamba mwalimu wa shule ya sekondari anapochagua lugha ya kufundishia, hana budi kuuliza nani mwenye lugha hiyo, na kulipa swali hilo uzito ule ule anaoupa wepesi wa lugha yenyewe.

Jukwaa ni nini?

Kompyuta yenyewe haielewi lugha yoyote ya programu. Huelewa amri chache sana zilizoandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo kila lugha huhitaji programu maalumu inayogeuza maandishi ya mwanadamu kuwa amri za mashine, nayo katika makala haya itaitwa kifasiri. Pasipo kifasiri, lugha ni maandishi tu yaliyo kwenye karatasi.

Zamani kila lugha ilikuwa na kifasiri chake kilichozungumza na mashine moja kwa moja. Baadaye wataalamu walibuni njia nyingine. Vifasiri vya lugha mbalimbali hugeuza programu kuwa lugha moja ya kati, kisha mtambo mmoja wa programu huichukua lugha hiyo ya kati na kuiendesha kwenye mashine. Mtambo huo, pamoja na maktaba ya programu ndogo ndogo zinazoambatana nao, ndio unaoitwa jukwaa. Jukwaa moja maarufu ni .NET, lililotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 2002.

Faida ya mpango huo ni kubwa. Mtu anayebuni lugha mpya hahitaji kuanza upya kazi ya kuratibu kumbukumbu za mashine, kusoma mafaili na kuchora madirisha kwenye kioo. Kazi hizo zote amekwisha kufanyiwa na jukwaa. Hata hivyo katika .NET kampuni ilikuwa na lugha yake iliyoipendelea, nayo ni C#, ambayo ubunifu wake uliongozwa na Anders Hejlsberg. Lugha nyingine zilikaribishwa, lakini zilikaribishwa kama wapangaji. C# inapopata jambo jipya, wapangaji hulazimika kutafuta namna ya kulifuata, na kampuni inapopunguza gharama, wapangaji ndio wa kwanza kuulizwa kama wana haja ya kuwapo.

Visual Basic: lugha yenye wenyeji wengi

Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitoa lugha iitwayo BASIC. Nia yao ilikuwa kwamba kila mwanafunzi, awe wa historia au wa sanaa, aweze kuitumia kompyuta bila kuwa bingwa wa hisabati. Lugha hiyo ilienea upesi, na matoleo yake yakatengenezwa na watu wengi wa mahali pengi.

Mwaka 1991 Microsoft ilitoa Visual Basic. Hapo mtu aliweza kuchora dirisha na vitufe kwa kutumia kipanya, kisha akaandika mistari michache ya BASIC nyuma ya kila kitufe. Kazi iliyomchukua fundi wiki nyingi ikawa kazi ya siku chache. Mamilioni ya watu waliitumia lugha hiyo, wengi wao wakiwa wahasibu, walimu na watumishi wa ofisi ambao hawakujiita waandishi wa programu. Nchini Kenya iliingia katika vitabu vya kiada vya Masomo ya Kompyuta pamoja na Pascal, na wanafunzi wengi wa sekondari wameandika mradi wao wa kwanza kwa lugha hiyo.

Toleo la sita la Visual Basic lilitoka mwaka 1998. Mwaka 2002, jukwaa la .NET lilipotolewa, ikaja lugha nyingine yenye jina hilo hilo la Visual Basic. Jina lilikuwa moja, lakini mambo mengi yalikuwa tofauti. Mfano mmoja watosha kulieleza jambo hili. Katika toleo la sita, neno Integer lilimaanisha namba nzima ya biti 16, yaani kuanzia -32,768 hadi 32,767. Katika lugha mpya, neno hilo hilo lilimaanisha namba ya biti 32, ambayo hufika hadi 2,147,483,647. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzuri za kitaalamu. Lakini yalipoungana na mengine ya namna hiyo, programu kubwa iliyoandikwa kwa lugha ya zamani haikuweza kuhamia katika lugha mpya bila kuandikwa upya kwa sehemu kubwa.

Mwaka 2005 kampuni ilimaliza kipindi cha msaada wa kawaida kwa toleo la sita, na mwaka 2008 ikamaliza kipindi cha nyongeza. Mnamo Machi 2005 watumiaji waliandika ombi la wazi wakiitaka kampuni iendeleze lugha ya zamani sambamba na ile mpya. Miongoni mwao walikuwamo wengi waliokuwa wametunukiwa heshima na kampuni yenyewe kwa ujuzi wao wa bidhaa zake. Ombi hilo halikukubaliwa.

Ni haki kusema kwamba kampuni haikuwatupa watu wote siku moja. Imeendelea kuhakikisha kwamba programu zilizokwisha kuandikwa kwa toleo la sita zinafanya kazi katika matoleo mapya ya Windows. Lakini lugha yenyewe ilisimama pale ilipokuwa mwaka 1998. Mamilioni ya watumiaji hawakuweza kuichukua na kuiendeleza, kwa sababu msimbo wa kifasiri chake, yaani maandishi yenyewe ambayo kifasiri kiliundwa kwayo, ulikuwa siri ya kampuni.

Visual Basic ile mpya nayo haikukaa salama moja kwa moja. Mnamo Machi 2020 kampuni ilitangaza kwamba haina mpango wa kuiendeleza zaidi kama lugha, ingawa itaendelea kuitunza. Tofauti ni kwamba safari hii msimbo wa kifasiri ulikuwa umekwisha wekwa wazi tangu mwaka 2014. Kwa hiyo mtu mwenye nia na ujuzi hazuiwi na sheria kuuchukua na kuendelea nao.

Pacha wawili, hatima mbili

Jim Hugunin alikuwa mwandishi wa programu aliyekwisha kuipandisha lugha ya Python kwenye jukwaa la Java. Jukwaa la .NET lilipokuja, alitaka kuchunguza kwa nini halizifai lugha za aina ya Python, ambazo huamua mambo mengi wakati programu inapokwenda badala ya kuyaamua mapema. Alipofanya majaribio alikuta kinyume cha alivyotarajia, maana Python ilikwenda vizuri kabisa juu ya jukwaa hilo. Kazi hiyo ikaitwa IronPython. Mwaka 2004 Hugunin aliajiriwa na Microsoft, na mwaka 2006 toleo la kwanza kamili likatoka. Ndugu yake, IronRuby, aliyeileta lugha ya Ruby kwenye jukwaa hilo hilo, alifikia toleo la kwanza kamili mnamo Aprili 2010.

Miezi sita tu baadaye, mnamo Oktoba 2010, kampuni iliamua kuacha kuzigharimia kazi zote mbili. Hugunin akaondoka na kujiunga na kampuni nyingine. Lakini lugha hizo zilikabidhiwa kwa jumuiya ya watumiaji chini ya leseni huria ya Apache, inayomruhusu mtu yeyote kusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza.

Basi pacha hao wawili walitoka katika nyumba moja, mwezi mmoja, wakiwa na leseni moja, lakini hawakufika mahali pamoja. IronRuby ilitoa matoleo machache, la mwisho likiwa la mwaka 2011, kisha ikanyamaza. IronPython ilitoa toleo la 2.7 mwaka huo huo, ikaendelea kutunzwa na watu wa kujitolea, na mnamo Desemba 2022 ikatoa toleo la 3.4. Mojawapo ya sababu za tofauti hiyo ni kwamba IronPython ilikuwa imekwisha kupata kazi ya kufanya. Ilikuwa imepachikwa ndani ya programu za uchoraji kama vile Rhinoceros, zinazotumiwa na wasanifu wa majengo, nao waliihitaji kila siku.

Hata uhai huo una gharama yake. IronPython 3.4 inalingana na toleo la Python lililotoka mwaka 2014, ilhali kufikia mwisho wa mwaka 2022 Python yenyewe ilikuwa imefika 3.11. Watu wachache wa kujitolea hawawezi kwenda kwa kasi ya kampuni yenye mishahara. Hapa lipo somo ambalo wapenzi wa programu huria hulisahau mara nyingine. Leseni huria humzuia mwenye ardhi asiibomoe nyumba, lakini haileti mafundi wa kuikarabati.

Liko jambo jingine la kutazama. IronRuby ilipokoma, mwanafunzi wa Ruby hakuipoteza lugha yake. Ruby ilikuwa na kifasiri chake cha asili kilichoanzishwa na Yukihiro Matsumoto nchini Japani, pamoja na vingine vilivyotengenezwa na watu wengine. Aliyepoteza ni yule tu aliyeitegemea .NET. Mwanafunzi wa Visual Basic 6 hakuwa na mlango wa pili wa namna hiyo.

Lugha nyingine ambayo bado iko njiani ni F#, iliyobuniwa na Don Syme katika maabara ya utafiti ya Microsoft huko Cambridge, Uingereza. Msimbo wake uliwekwa huria mwaka 2010, na watumiaji wake wameunda taasisi yao wenyewe. Ni lugha hai. Lakini kila jukwaa linapopata umbo jipya lililokusudiwa kwanza kwa C#, watu wa F# hawana budi kukaa na kufikiri upya. Sehemu kubwa ya jukwaa lenyewe sasa ni huria, nalo huenda hata kwenye mashine zisizo za Windows. Pamoja na hayo, uamuzi juu ya njia litakayoifuata bado umo zaidi mikononi mwa kampuni ile ile.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba malalamiko haya hayana msingi, kwa kuwa kampuni ina haki ya kuacha bidhaa isiyoleta faida. Haki hiyo ni kweli ipo, na hakuna anayetarajia mfanyabiashara agharimie milele kitu ambacho hakimlipi. Lakini haki ya mwenye kiwanja haimwondolei mjenzi wajibu wa kusoma mkataba kabla ya kuweka msingi. Makala haya yanamwonya mjenzi.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi anahitaji kazi, na kazi ziko katika lugha zinazopendelewa na makampuni makubwa. Hoja hii ina nguvu katika chuo cha ufundi, ambako mtu husoma miezi kadhaa kisha akaajiriwa. Katika shule ya sekondari nguvu yake ni ndogo. Kijana anayeanza kidato cha kwanza leo atahitaji miaka mingi kabla ya kuajiriwa, na miaka kama hiyo imetosha kuzizika bidhaa nyingi zilizosifiwa sana.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inasema kwamba lugha si kitu, kitu ni fikra. Aliyeelewa maana ya kurudia amri mpaka sharti litimie ameelewa jambo hilo katika lugha zote. Hilo ni kweli kwa upande wa mwanafunzi hodari. Lakini shule haijengwi kwa fikra tupu. Mwalimu ana madaftari ya maandalizi aliyoyakusanya kwa miaka kumi. Maktaba ina vitabu vilivyonunuliwa kwa shida. Mitihani imetungwa, na sahihisho zake zimezoeleka. Pengine ofisi ya mkuu wa shule inatumia programu ya kujumlisha alama iliyoandikwa na mwalimu aliyekwisha hamishwa. Lugha inaposimamishwa na mwenye nayo, mambo hayo yote huchakaa kwa pamoja. Shule tajiri hununua vitabu vipya na kumpeleka mwalimu mafunzoni. Shule yenye kompyuta chache na mwalimu mmoja wa somo hilo huendelea kufundisha kitu kilichokufa, si kwa ujinga, bali kwa kukosa njia. Uamuzi hufanywa mbali sana, na gharama hulipwa na yule asiyeulizwa. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

Kabla ya kuchagua lugha ya kufundishia, yafaa mwalimu, au jopo la mtaala, ajiulize maswali manne.

Kwanza, je, maelezo kamili ya lugha yamechapishwa, kiasi kwamba mtu mwingine aweza kutengeneza kifasiri kipya bila kuomba ruhusa? Pili, je, viko vifasiri zaidi ya kimoja, vilivyotengenezwa na watu wasio chini ya bwana mmoja? Tatu, je, msimbo wa angalau kifasiri kimoja uko huria? Nne, je, wapo watu walio nje ya kampuni ambao kweli wanaifanya kazi ya kuutunza msimbo huo? Visual Basic 6 ilishindwa maswali yote manne. IronRuby ilifaulu la tatu na kushindwa la nne, na hiyo ikawa sababu tosha ya kuikatiza.

Pascal ni mfano wa lugha inayofaulu. Ilibuniwa na Niklaus Wirth wa Uswisi, naye aliichapisha mwaka 1970 kwa ajili ya kufundishia. Kampuni ya Borland iliitajirisha na kuieneza kwa Turbo Pascal kuanzia mwaka 1983. Turbo Pascal imekwisha kupita. Lakini mwaka 1993 ilianzishwa kazi ya Free Pascal, kifasiri huria kinachofanya kazi kwenye Windows, Linux na mifumo mingine, nacho huzikubali programu nyingi za Turbo Pascal bila mabadiliko makubwa. Mwalimu mwenye mazoezi ya Pascal aliyoyaandika miaka mingi iliyopita aweza kuyafungua leo, tena bila kulipa. Python nayo inafaulu maswali yote manne, na wingi wa vitabu vyake ni faida ya ziada.

Haina maana kwamba walimu wanaotumia Visual Basic waiache kesho asubuhi. Wanaoifundisha na waendelee mpaka wapate njia nzuri ya kuvuka, lakini waanze kujiandaa. Njia moja rahisi ni kumtaka kila mwanafunzi aandike kwanza hatua za kutatua tatizo kwa Kiswahili safi, hatua baada ya hatua, kabla ya kugusa mashine. Baada ya hapo aziandike hatua hizo hizo kwa lugha mbili, kwa mfano Visual Basic na Python, akatazame kipi kimebaki sawa na kipi kimebadilika. Zoezi la kutafuta wastani wa alama za darasa la wanafunzi 40 latosha kwa kuanzia. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara tatu au nne atajua kwa mikono yake mwenyewe ni sehemu gani ya elimu yake isiyo na mwenye kiwanja.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwa watunga mitaala. Mtaala unaotaja jina la bidhaa ya kampuni huifunga nchi nzima kwenye maamuzi ya kampuni hiyo kwa muda wote mtaala utakapodumu. Mtaala unaotaja dhana, kama vile kurudia, kuchagua, kupanga na kugawa kazi katika sehemu ndogo, kisha ukaacha lugha ichaguliwe kwa masharti yanayofanana na yale maswali manne, huwaachia walimu nafasi ya kuhama bila kubomoa. Mabadiliko hayo hayahitaji mashine mpya wala fedha nyingi. Yanahitaji aya chache ziandikwe upya, na yafaa ziandikwe kabla ya tangazo lingine la aina ile ya mwaka 2020 kuzikuta shule zikiwa hazijajiandaa.